Jina Mbele ya Amri: Mfano wa Kenya ya Lubumbashi

Mkazi wa Lubumbashi akisema anakwenda Kenya, hakusudii Nairobi. Kenya ni komini mojawapo ya mji huo, na jina hilo fupi halimtatizi mwenyeji. Mgeni ndiye anayehitaji kuambiwa: Kenya ya Lubumbashi.

Tatizo hilohilo lilizikuta kompyuta zilipoanza kuunganishwa. Katika Unix ya mwaka 1979, sheli (isichanganywe na kituo cha petroli cha Watanzania) ilikuwa programu ya kupokea amri, nayo ilimngoja mtumiaji kwa alama ya dola peke yake. Jina la mashine halikuwa na kazi hapo. Mambo yalibadilika mitandao ilipoenea, hasa baada ya Unix ya Berkeley ya mwaka 1983: mtu aliweza kuketi mahali pamoja akaamuru mashine ya mbali. Amri ya kufuta mafaili ikitolewa kwa mashine isiyokusudiwa, hairudi. Ndipo watumiaji walipozoea kulitanguliza jina la mashine katika mstari unaongoja amri.

Bash, sheli iliyotolewa mwaka 1989, ina alama mbili za kazi hiyo. Alama \h huonyesha jina hadi nukta ya kwanza. \H huonyesha jina zima. Ichukuliwe kwamba mashine moja ya Lubumbashi imeitwa kenya. Kwa alama ya kwanza husomeka «kenya», basi. Kwa ya pili hufuata mkia wake, na mkia huo ukiwa wa nchi huishia .cd, wa Nairobi ungeishia.ke.

Mkia wenyewe una historia. Zaire ilitumia .zr, nchi ilipobadilishwa jina mwaka 1997 ikapewa.cd, na .zr ikafutwa mwaka 2001. Mji ulikwisha kuyazoea hayo: Élisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha huko mwaka 1965, na watumishi wa nyumbani wa zamani, imebaki na jina la Élisabethville katika anwani yake.

Bash nayo hufanya vivyo hivyo. Hulisoma jina la mashine inapoanza tu. Msimamizi akilibadili mchana, dirisha lililofunguliwa asubuhi huendelea kuonyesha la zamani, huku la jirani yake, lililofunguliwa baadaye, likionyesha jipya. Mwenye dirisha la asubuhi hatajua, asipoiuliza mashine yenyewe kwa amri ya hostname.