Vichekesho vya Warusi: wakati kucheka kulikuwa kosa

Mtu moja anagawa vikaratasi kwenye Uwanja Mwekundu, katikati ya muji wa Moscow. Polisi wanamukamata, wanaangalia zile karatasi: hakuna hata neno moja. "Mbona hukuandika kitu?" Anajibu: "Ya kuandika nini? Kila mtu anajua."

Hakikutokea kweli. Ni kichekesho cha wakati wa Umoja wa Kisovieti, na Warusi wanakiita anekdot. Mwenye alisoma Kifaransa atafikiri ni "anecdote", lakini haiko sawa. Anekdot ni kahadithi kafupi ka kubuni, hakana mtunzi, na neno la mwisho linageuza yote. Asili ya jina ni Kigiriki, maana yake kitu chenye hakijachapishwa. Na kweli, haikuchapishwa, juu magazeti yote yalikuwa ya serikali na chama. Kulikuwa gazeti la kuchekesha, Krokodil, lenye lilianza mwaka 1922, lakini lilichekelea walevi, makarani wavivu na mabepari wa ngambo. Wakubwa wa juu hawakuguswa.

Wakati wa Stalin, kichekesho kiliweza kumupeleka mtu katika kambi za kazi ngumu, kufuatana na kifungu cha 58 cha sheria ya makosa, chenye kilikataza "propaganda" ya kupinga serikali. Watu wakatengeneza kichekesho juu ya hiyo hatari yenyewe. Nani alichimba mfereji wa Bahari Nyeupe, wenye wafungwa walijenga kati ya 1931 na 1933? Upande wa kuume, wale wenye walisimulia vichekesho. Upande wa kushoto, wale wenye waliwasikiliza.

Kwa hiyo mtu aliangalia kwanza nani ameketi karibu. Kukusimulia anekdot ilikuwa kukuambia: ninakuamini. Kisha kifo cha Stalin, mwaka 1953, hatari ilipunguka, hata kama haikuisha. Wakati wa Brezhnev (1964-1982) vichekesho vilijaa katika majiko ya nyumba, fasi jamaa na marafiki waliketi usiku.

Vyenye vitafurahisha zaidi watu wa redio ni vile vya Radio Yerevan. Yerevan ni muji mkubwa wa Armenia, lakini hiyo redio ya vichekesho ni ya kubuni: msikilizaji anauliza, redio inajibu, mara nyingi kwa kuanza na "kimsingi, ndiyo". Kwa mfano: ni kweli Ivanov alishinda motokari ku tombola? Kimsingi, ndiyo. Ila haikuwa Ivanov, ilikuwa Petrov. Haikuwa motokari, ilikuwa kinga. Na hakuishinda, walimuiba yake.

Mwenye anazoea kusikiliza matangazo ya serikali, katika inchi yoyote, anajua kicheko kinatoka wapi. Habari inasahihishwa polepole mpaka hakuna kitu chenye kinabaki, na sauti ya mtangazaji haibadiliki hata kidogo.

Kuna pia watu wenye wanarudi kila mara: Chapaev, mkubwa wa jeshi mwenye filamu ya 1934 ilimufanya shujaa, lakini vichekesho vikamufanya mjinga, Stierlitz, mpelelezi wa televisheni tangu 1973, na Vovochka, mwanafunzi mwenye mdomo mchafu. Vile juu ya Wachukchi, watu wachache wa kaskazini ya mbali, havina ushujaa wowote. Pale ni kabila kubwa linachekelea kabila dogo, basi.

Kisha Umoja wa Kisovieti kuvunjika, mwaka 1991, vichekesho vikauzwa hadharani katika vitabu, na wakati huo walichekelea sana matajiri wapya wenye pesa nyingi na akili kidogo. Lakini mwezi wa tatu 2022, kisha jeshi kuingia Ukraine, sheria mpya iliweka kifungo mpaka miaka 15 kwa mwenye anasambaza habari zenye serikali inaita za uongo juu ya jeshi. Wakubwa walikataa neno "vita", wakasema ni "operesheni maalumu ya kijeshi".

Kichekesho kikazunguka haraka: kile kitabu kikubwa cha Tolstoy, Vita na Amani, sasa kinaitwa Operesheni Maalumu na Amani.