Kugeuza Skrini ya Laptopu ya Zamani: Historia Fupi ya RandR na Kalamu

Leo amri ni chache, historia ni nyingi. Tutazungumzia laptopu zile ambazo skrini yake huzunguka juu ya bawaba moja ya katikati, kisha hulala chali juu ya kibodi ili uiandikie kwa kalamu. ThinkPad X41 Tablet, X60 Tablet na X61 Tablet ni wa ukoo huo. Ukiweka Linux kwenye mashine kama hii, huenda ukashangaa: umeigeuza wima lakini picha imebaki ya mlalo, au picha imegeuka na kalamu inachora upande mwingine kabisa. Kwa nini jambo dogo hivi lilikuwa gumu? Jibu liko katika historia.

Tuanze mbali kidogo. Skrini ya wima si jambo geni. Kompyuta ya Xerox Alto ya mwaka 1973 ilikuwa na skrini ya nukta 606 kwa 808, wima kama karatasi, kwa sababu waliobuni walifikiria kurasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Radius iliuza skrini ya Macintosh iliyoitwa Pivot: ukiizungusha kwa mkono, picha nayo inageuka. Kwa hiyo wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni programu za kawaida kulikubali.

Novemba 2002 Microsoft ilizindua Windows XP Tablet PC Edition. Mwaka mmoja kabla, Bill Gates alikuwa ametabiri kwamba katika miaka mitano kompyuta za aina hii ndizo zitakazouzwa zaidi Marekani. Haikuwa hivyo. Zilikuwa ghali na nzito, na watu wengi waliendelea na laptopu za kawaida hadi iPad ilipokuja mwaka 2010 na kubadilisha mchezo. Lakini mashine nzuri zilitengenezwa. X41 Tablet ilitoka mwaka 2005, skrini ya inchi 12.1, nukta 1024 kwa 768, na chini ya kioo kulikuwa na kifaa cha Wacom cha kusoma kalamu.

Upande wa Linux mambo yalikuwa tofauti. Picha zote zilipitia mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984 na Bob Scheifler na Jim Gettys. Katika X kuna seva inayomiliki skrini, na kila programu ni mteja wake. Mteja anapojiunga, seva humwambia mara moja: skrini ina upana huu na kimo hiki. Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kumwambia kwamba vipimo vimebadilika. Kwa kompyuta za mezani za miaka ya 1980, zenye skrini nzito ya kioo, nani angeigeuza? Dhana hiyo ilikuwa ya busara wakati wake. Tatizo ni kwamba iliwekwa katika msingi, na msingi haubadilishwi kirahisi nyumba ikiwa na wapangaji.

Mwaka 2001 Gettys, wakati huo akiwa Compaq, alishirikiana na Keith Packard kuandika nyongeza iliyoitwa RandR, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kubadili ukubwa na kugeuza. Hawakuwa na laptopu akilini pekee. Compaq ilikuwa ikiuza iPAQ, kompyuta ya kiganjani ambayo watu walikuwa wakiiwekea Linux, na kifaa cha kiganjani hugeuzwa kila saa. Suluhisho lao lilikuwa rahisi kulieleza: skrini ikibadilika, seva hutuma tukio kwa kila mteja aliyeomba kuarifiwa, naye hujipanga upya. Mteja wa zamani asiyejua habari hizo huendelea kuishi bila kuvunjika. Hapo ndipo penye ufundi.

XFree86 4.3 ya Februari 2003 ilikuja na RandR, lakini kwa kadi nyingi ungeweza kubadili ukubwa tu; kugeuza kulitegemea draiva. Aprili 2007 ikatoka seva ya X.Org 1.3 ikiwa na RandR 1.2, ambapo kila tundu la skrini lilipata jina lake na mwelekeo wake. Kuanzia hapo laptopu za kugeuza zilianza kupumua.

Mwaka huohuo ikaja XO-1 ya mradi wa One Laptop per Child, ambako Gettys alisimamia programu. Nayo skrini yake ilizunguka na kulala, ikiwa na kitufe cha kugeuza picha pembeni mwa kioo. Mashine hizi zilifika shuleni Rwanda kwa maelfu. Kazi iliyoanzia kwenye iPAQ ikawa mikononi mwa watoto wa jirani zetu.

Haya basi, amri zenyewe. Kwanza andika xrandr peke yake uone jina la skrini yako, mara nyingi LVDS1 au LVDS-1. Kisha:

xrandr --output LVDS1 --rotate right

Hiyo ni picha tu. Kalamu ni kifaa kingine na haina habari na skrini. Tafuta jina lake:

xsetwacom list devices

Halafu:

xsetwacom set "jina la kalamu" Rotate cw

Kumbuka jozi: right na cw, left na ccw, inverted na half, normal na none. Ziweke pamoja katika faili moja ya amri na uifungie kwenye kitufe. Herufi zikionekana na rangi pembeni, zima ulainishaji wa RGB: vipande vya rangi vya kioo sasa vimelala upande mwingine.

Kuna jambo la mwisho. Msaada wa Windows XP uliisha Aprili 2014, kwa hiyo programu ya kiwandani ya X41 ni ya kumbukumbu tu. Linux nayo inasonga. X41 na X60 Tablet zina vichakato vya biti 32, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32 kwa kompyuta hizi. X61 Tablet ni ya biti 64, kwa hiyo bado ina njia. Na ukitumia Wayland, xrandr haitageuza skrini. Hapo kazi ni ya mazingira ya eneokazi lako, kupitia mipangilio yake.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua laptopu ya mtumba ya aina hii, uliza kichakato kabla ya kuuliza bei. Bawaba inaweza kuwa imara kama siku ya kwanza, lakini mashine huishi kadiri kuna mtu anayeendelea kuandika msimbo wake. Jina la RandR halionekani popote kwenye ganda la laptopu yako, ila bila kazi hiyo ungekuwa unasoma huku umeinamisha shingo.