Iodini nururifu na tezi ya shingo

Iodini nururifu ni aina za elementi ya iodini ambazo viini vya atomu zake si thabiti, hivyo hutoa mnururisho. Iliyo muhimu zaidi kwa afya ya binadamu ni iodini-131. Hutokea kwa wingi ndani ya tanuri nyuklia wakati atomu za urani zinapopasuliwa. Ikitoka hewani kutokana na ajali, inaweza kudhuru tezi ya shingo (pia: tezi dundumio, thiroidi), hasa ya watoto.

Kiasi cha madhara hutegemea pia lishe, kwa kuwa tezi yenye upungufu wa iodini hufyonza iodini nururifu nyingi kuliko tezi iliyotosheka. Kwa sababu hiyo chumvi yenye madini joto ina umuhimu hata katika mada hii.

Kazi ya tezi

Tezi ya shingo ina umbo linalofanana na kipepeo na iko mbele ya koo. Hutumia iodini ya chakula kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na maendeleo ya ubongo wa mtoto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito takriban 250.

Tezi haiwezi kutofautisha iodini ya kawaida na iodini nururifu. Huchukua zote mbili na kuzihifadhi. Iodini-131 ikikusanyika humo, mnururisho wake huchoma seli kutoka ndani na unaweza kusababisha saratani miaka kadhaa baadaye. Tezi ya mtoto ni ndogo na seli zake zinagawanyika haraka, hivyo huathirika zaidi.

Nusumaisha ya iodini-131 ni siku 8. Maana yake, kila baada ya siku 8 hubaki nusu ya kiasi kilichokuwepo. Baada ya siku 80 hubaki takriban sehemu moja ya elfu.

Njia ya kuingia mwilini

Mtu anaweza kuvuta iodini nururifu pamoja na hewa, lakini mara nyingi njia kuu ni maziwa. Mvua huishusha juu ya majani, ng'ombe hula majani mengi kwa siku, na iodini hupita katika maziwa yake. Katika nchi ya mvua nyingi na ng'ombe wa maziwa, kama ilivyo Kiwira na sehemu nyingine za wilaya ya Rungwe, mfano huu ni rahisi kuuelewa: mtoto anayekunywa maziwa mabichi ya nyumbani hupokea kilichoanguka juu ya eneo kubwa la malisho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya ajali ni kuzuia maziwa na mboga za majani kutoka eneo lililochafuliwa. Kuchemsha maziwa hakuondoi unururifu. Maziwa yakigeuzwa kuwa jibini au unga na kuwekwa kwa miezi michache, iodini-131 huisha yenyewe.

Ajali zilizotokea

* Mwaka 1957 tanuri la Windscale, Uingereza, liliwaka moto. Serikali ilipiga marufuku maziwa kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 500.
* Tarehe 26 Aprili 1986 tanuri la Chernobyl, Ukraine (wakati ule sehemu ya Umoja wa Kisovyeti), lililipuka. Watoto wengi waliendelea kunywa maziwa yaliyochafuliwa. Hadi mwaka 2005 watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamepata saratani ya tezi. Wengi wao walitibiwa na kupona.
* Poland ilianza kugawa iodini siku chache baada ya ajali hiyo. Watoto zaidi ya milioni 10 walipewa dozi, na maziwa yalidhibitiwa.
* Mwaka 2011, baada ya ajali ya Fukushima, Japani ilihamisha watu na kuzuia maziwa na mboga mapema.

Utafiti kuhusu watoto wa maeneo yaliyoathiriwa na Chernobyl ulionyesha kuwa, kwa kipimo kilekile cha mnururisho, hatari ya saratani ilikuwa takriban mara tatu zaidi pale ambapo udongo ulikuwa na iodini kidogo.

Vidonge vya iodidi ya potasiamu

Kidonge cha iodidi ya potasiamu hujaza tezi kwa iodini ya kawaida, hivyo iodini nururifu hukosa nafasi. Dozi zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni:

* Umri wa zaidi ya miaka 12: miligramu 130
* Miaka 3 hadi 12: miligramu 65
* Mwezi 1 hadi miaka 3: miligramu 32
* Chini ya mwezi 1: miligramu 16

Wakati unaofaa ni ndani ya saa 24 kabla ya kufikiwa na mnururisho hadi saa 2 baada yake. Hadi saa 8 baadaye bado kuna faida. Baada ya saa 24 kidonge kinaweza kuleta madhara kuliko faida. Wanaotangulizwa ni watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Watu wenye umri wa zaidi ya miaka 40 hufaidika kidogo. Kidonge hakikingi viungo vingine wala hakizuii dutu nyingine nururifu. Humezwa kwa agizo la mamlaka za afya tu.

Chumvi si kidonge

Mwaka 2011 watu nchini China waligombania chumvi madukani kwa hofu ya Fukushima. Hesabu inaonyesha kosa lao. Kilo moja ya chumvi yenye madini joto huwa na takriban miligramu 20 hadi 40 za iodini, lakini dozi ya mtu mzima ina miligramu 100 za iodini. Angelazimika kula kilo 2.5 au zaidi kwa mara moja, na chumvi nyingi hivyo huua. Iodini ya kupaka vidonda nayo ni sumu ikinywewa.

Faida ya chumvi hiyo ni ya kila siku: huifanya tezi isiwe na upungufu kabla ya ajali yoyote.

Tanzania na nchi jirani

Tanzania haina kituo cha umeme wa nyuklia. Tatizo la tezi lililojulikana nchini ni upungufu wa iodini. Katika milima yenye mvua nyingi maji huosha iodini kutoka udongoni, na Nyanda za Juu za Kusini, pamoja na Mkoa wa Mbeya, zilijulikana kwa rovu (goita), yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 kuongeza iodini katika chumvi kulifanywa sharti la kisheria.

Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu nyingi zaidi pale ambapo watu walikula muhogo usioandaliwa vizuri, kwa kuwa dutu zake huzuia tezi kupata iodini.

Usalama wa mnururisho nchini, pamoja na upimaji wa vyakula, unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iodini-131 hutumiwa kama dawa: kwa kuwa tezi huivuta yenyewe, huua seli za saratani ya tezi zilizobaki baada ya upasuaji.

Tazama pia

* Rovu
* Unururifu
* Maafa ya Chernobyl