Mwalimu Wetu Mzee: Maisha ya Mstaafu Mmoja Katika Historia ya Usharika

Historia ya Usharika wetu haiwezi kukamilika pasipo kuwataja walimu. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, shule na nyumba ya ibada vilikwenda pamoja, na kwa miaka mingi mtu aliyefundisha kusoma siku za juma ndiye aliyehubiri siku ya Bwana. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika za mlimani hazikufa. Walimu Waafrika waliendelea kufundisha, kuzika wafu na kuwakusanya waumini. Usharika huu ni tunda la kazi yao.

Katika sura hii napenda kueleza maisha ya mmoja wa warithi wao, ambaye sasa ana umri uliopita miaka tisini. Ameniomba nisiandike jina lake. "Andika kazi," aliniambia, "jina liko kwenye rejista." Nimemtii, kama nilivyomtii nilipokuwa mwanafunzi wake wa darasa la kwanza.

Alizaliwa katika kihamba cha baba yake, akabatizwa na kupata kipaimara hapa hapa. Siku zile mtihani wa darasa la nne uliwachuja watoto wengi, na wachache tu waliendelea na shule ya kati. Yeye alifaulu, na baba yake akauza ng'ombe wake wa pekee ili kulipa ada. Baadaye alisomea ualimu Marangu, akarudi nyumbani kufundisha shule ya Usharika. Mchana alishika chaki, jioni alifundisha kwaya, na Jumapili alihubiri mitaani pale mchungaji aliposhindwa kufika.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini, na walimu wakawa watumishi wa serikali. Nia ilikuwa njema, yaani mtoto asikose nafasi shuleni kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalileta uchungu kwetu, na ni wajibu wetu kuueleza pasipo kuficha. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema kwamba mwalimu amelihama Kanisa. Mwaka 1970 aliamriwa kutoka katika nyumba ya Usharika, yeye na mke wake na watoto watano, wakati wa mvua za masika. Hakubishana na mtu. Alijenga nyumba ya miti na udongo kihambani, na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili kama kawaida yake. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Watoto hawakunifukuza."

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoamua kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, madarasa yalifurika. Vijana waliomaliza darasa la saba waliletwa kwake ili wajifunze ualimu huku wakifundisha. Jioni aliwasha taa ya kandili na kuwafundisha watu wazima kusoma. Mama mmoja aliyesoma kwake anasimulia jinsi alivyolia siku alipoandika jina lake mwenyewe, badala ya kuweka alama ya kidole gumba.

Alistaafu mwaka 1989. Thamani ya shilingi ilikuwa imeporomoka, na pensheni yake haikutosha hata mahitaji ya nyumbani. Mke wake alitangulia mbele za Bwana, na watoto wake wanaishi mijini. Lakini kila Jumatano, baada ya sala ya asubuhi, utamkuta katika kundi la wazee la Usharika. Wasioona vizuri huwasomea Biblia, na wasiojua kusoma bado huwafundisha, ingawa mwanafunzi wake mmoja amepita miaka sabini.

Nilipokuwa nikikusanya habari za kitabu hiki, alinifungulia sanduku la bati lenye rejista zake zote za Shule ya Jumapili. Nilitafuta ile Jumapili ya mwaka 1970. Watoto wachache sana walihudhuria. Mbele ya jina langu kulikuwa na neno moja: "Hayupo." Ndipo nikakumbuka. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee waliotoa amri ile, naye alituzuia nyumbani siku hiyo.

Mwalimu alifunga rejista taratibu akasema, "Jumapili iliyofuata ulikuja. Tazama."

Waraka kwa Waebrania 13:7 unatuagiza kuwakumbuka waliotuongoza. Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja, haitoshi kuwakumbuka kwa nyimbo na tarumbeta. Usharika haujawahi kumwomba mzee huyu radhi. Kwa niaba ya baba yangu, na kwa niaba ya wazee wenzake waliolala, mimi mwanafunzi wake ninaomba radhi katika ukurasa huu, yeye angali hai na anaweza kuusoma.