Chevrolet Ilivyotuaga

Ukishuka basi Mtito Andei, nusu ya safari ya Nairobi–Mombasa, hebu hesabu malori ya Isuzu yanayopita. Kwa miongo kadhaa malori hayo yaliunganishwa Nairobi na General Motors, iliyoanza kazi Kenya mwaka 1975. Wapenzi wa Chevrolet wakadhani Wamarekani wamehamia kabisa. Kumbe! Mwaka 2017 waliiuzia Isuzu hisa zao zote za hapa, asilimia 57.7. Mwaka huohuo wakauza Opel kule Ulaya. Walikuwa wanayakimbia masoko yenye faida ndogo. Mwenye Chevrolet Cruze hakuulizwa. Sisi waandishi wa programu tunakijua kilio hicho: mwenye mali akichoka, mtumiaji hubaki na toleo la mwisho. Isuzu bado zinaunganishwa Nairobi, kwa kuwa zina wanunuzi. Mashabiki peke yao hawaendeshi kiwanda.