Bakteria na Mlango Wake
Mwaka 1928 Frederick Griffith wa London aliona bakteria wapole wa nimonia wakigeuka wauaji walipochanganywa na wakali waliokwisha kufa. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wakatambua kwamba kigeuzi kile ni DNA. Lakini bakteria wengi hawafungui mlango kwa hodi tu. Mwaka 1972, huko Marekani, Stanley Cohen na wenzake waliwaingizia plasmidi kwa kloridi ya kalsiamu na joto la ghafula. Kufikia 1988 umeme nao ulitumika. Ipi bora? Umeme hufaulu zaidi DNA iwapo haba, ila huhitaji mashine; na chumvi ikibaki, cheche huruka, kazi ikaharibika. Palipo na barafu na maji ya joto la digrii 42, kalsiamu yatosha. Mwanafunzi, pima kazi kwanza, ndipo uchague chombo.