Kabla Ulipie Warsha ya Taa, Uliza Kuhusu Shirley

Wasee wa kamera hapa Kisumu, kabla ulipie warsha nyingine ya taa za studio, uliza kitu kimoja: nitashika taa mwenyewe, na itamulika uso wa nani? Swali hili si la jana.

Miaka ya 1950, Kodak ilikuwa inapea maabara za picha kadi ya kupimia rangi. Kwa hiyo kadi kuna mwanamke mzungu anaitwa Shirley. Baadaye warembo walibadilishwa, jina likabaki. Fundi akisafisha picha, analinganisha na Shirley: ngozi yake ikitoka poa, kazi imeisha. Sasa weka mtu wa rangi yetu kando ya mzungu kwa picha hiyo hiyo. Mmoja anaonekana vizuri, mwingine amebaki macho na meno. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameandika kwamba Kodak iliporekebisha filamu, presha ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliotaka kahawia ionekane. Yaani meza ilisikizwa kabla yetu!

Lakini kuna watu hawakungoja Kodak. Mombasa, N.V. Parekh aliendesha studio kuanzia miaka ya 1940, na watu wa kila jamii walikuja kwake wamevaa wakapendeza. Alicheza na taa na kivuli kama watu wa sinema. Ujuzi kama huo unakaa kwa mikono.

Kamera ya leo haina Shirley, ila ukiiachia ipime mwanga yenyewe, inabahatisha. Inataka picha nzima iwe kijivu cha wastani. Bibi harusi mweusi, gauni jeupe, ukuta mweupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, uso unapotea. Dawa? Mtoe kwa ukuta, pima mwanga usoni, kisha leta taa ya pembeni ipite kwa kitambaa kikubwa cheupe. Na ukisogeza taa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia unabaki robo. Ukisoma hiyo utasahau. Ukisukuma stendi mwenyewe na uone shavu la rafiki yako likizimika, hutasahau.

Warsha moja niliyoenda hapa mjini ilikuwa slaidi masaa matatu, kila modeli mzungu, taa mbili ziko kwa kona bado ndani ya mfuko. Tukaambiwa rangi tutarekebisha kwa kompyuta. Hiyo ndiyo inatupea maharusi wa kijivu, ama bibi harusi amefanywa mweupe hadi mamake anauliza huyu ni nani, na pesa ashalipa.

Kama unafundisha, lete taa moja, shuka jeupe, na watu watatu wa rangi tofauti kutoka steji ya boda iliyo karibu. Halafu utupatie hiyo taa tuishike.